Kutunga Onyesho kwa Pamoja Chuoni: Mwongozo wa Muhula Mmoja

Sehemu kubwa ya sanaa za maonyesho za miongo ya karibuni haikuanzia mezani kwa mwandishi. Forced Entertainment, kikundi kilichoanzishwa Sheffield mwaka 1984, na Goat Island cha Chicago, kilichofanya kazi tangu 1987 hadi 2009, vilianza na watu ndani ya chumba, kitu kimoja au viwili, na swali. Andiko lilikuja baadaye. Kazi za aina hii hazieleweki vizuri kwa kusoma peke yake, maana maamuzi yake mengi hayamo kwenye maneno. Yamo katika muda, umbali kati ya miili, uzito wa kiti, na mtu kukataa kuondoka jukwaani. Ndiyo maana kozi nyingi huwataka wanafunzi watunge onyesho lao wenyewe.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wanafunzi 5 hadi 7, muhula wa wiki 12, na onyesho la dakika 20. Mkifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa 3 kila mara, mnazo saa 72 kwa jumla. Hizo ni kama saa tatu na nusu kwa kila dakika ya onyesho, na bado hazitoshi iwapo nusu yake itaishia kwenye maongezi. Hilo ndilo kosa linaloharibu maonyesho ya wanafunzi kuliko yote: kikundi hukaa kwenye duara wiki baada ya wiki kikijadili onyesho ambalo hakuna aliyeliona. Kila hatua hapa chini imepangwa ili muinuke mapema.

Hatua ya kwanza: kikundi na makubaliano yake

Mkiwa watatu, hakuna wa kukaa nje na kutazama. Mkizidi wanane, ratiba zinagongana na kila zoezi linaanza na kumsubiri mtu. Watano hadi saba wanatosha.

Siku ya kwanza andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja. Yataje saa za mazoezi, kinachofanyika mtu akichelewa, yale yatakayobaki ndani ya chumba (hasa habari za maisha ya mtu), na namna ya kuamua. Wekeni pia suala la kuguswa. Kila mtu aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe sehemu za mwili anazoridhia kuguswa siku hiyo, na ataje maumivu aliyonayo, kama goti au mgongo. Rudieni jambo hili kila zoezi. Huchukua dakika mbili. Aliyeridhia jana leo anaweza kukataa, wala hadaiwi maelezo.

Kwenye kuamua, kura hazisaidii sana. Hugawa kikundi pande mbili, na walioshindwa hufanya kazi kwa shingo upande. Tumieni kanuni ya kujaribu kwanza: pendekezo lolote linafanyiwa majaribio sakafuni kwa dakika 10 kabla ya mtu kulipinga. Mabishano mengi huisha hapo, kwa sababu wote wameona. Mkishindwa kabisa kukubaliana, anayesimamia kipande hicho anaamua.

Watu husema kikundi cha aina hii hakina kiongozi. Si kweli. Pasipo kiongozi aliyetajwa, anaongoza mwenye sauti kubwa. Pangeni zamu: kila zoezi lina kiongozi wake, naye ndiye anayekuja na mpango ulioandikwa. Kuanzia wiki ya 7 majukumu yawe ya kudumu, yaani msimamizi wa jukwaa, wa taa, wa sauti, na wa maleba pamoja na vifaa.

Hatua ya pili: kutoka mada hadi swali

"Uhamaji" ni mada. Mada haimwambii mwigizaji afanye nini akisimama. "Ni nini hubaki ndani ya chumba mtu akishahama?" ni swali, na papo hapo mikono inapata kazi: kufungasha, kusahau, kufagia, kurudi kuchukua kitu. Kipimo chake ni rahisi. Kama ndani ya dakika 5 kikundi hakiwezi kutoa kazi tatu za kufanya sakafuni kutokana na swali lenu, swali hilo ni pana mno au linajibika kwa ndiyo na hapana. Libadilisheni.

Kila mmoja alete vitu vitano vinavyogusa swali: picha moja, maandishi yasiyozidi ukurasa, sauti moja, kitu cha kushikika, na hati au takwimu moja yenye chanzo kinachojulikana. Vitandazeni sakafuni, mzunguke kimya dakika 15, kisha kila mtu aweke alama kwenye viwili alivyovutiwa navyo ambavyo si vyake.

Mkitaka kuwahoji watu na kutumia maneno yao, ulizeni kamati ya maadili ya utafiti ya chuo wiki ya kwanza, si ya tano. Kibali huchukua muda. Anayehojiwa asaini ridhaa kabla kinasa sauti hakijawashwa, na ajue kwamba anaweza kuyaondoa maneno yake hadi tarehe mtakayoitaja.

Hatua ya tatu: kupasha mwili na kujifunza kusikilizana

Zoezi la saa 3 ligawanywe hivi: dakika 25 za kupasha mwili na sauti, 20 za mbinu, 80 za kutunga, 15 za mapumziko, 30 za kuonyeshana, na 10 za kuandika kilichobaki na cha kufanya kesho. Dakika 10 za mwisho ndizo huliwa mara kwa mara. Zilindeni, maana bila hizo zoezi linalofuata linaanza na "tulifikia wapi?"

Kwa mbinu, vikundi vingi hutumia mfumo uliobuniwa na Mary Overlie nchini Marekani, ambao hulivunja onyesho katika vipengele sita: nafasi, umbo, muda, hisia, mwendo na hadithi. Waongozaji wa maonyesho Anne Bogart na Tina Landau waliupanua hadi vipengele tisa vya muda na nafasi, vikiwemo kasi, marudio, ishara za mwili, umbali kati ya watu na njia wanazopita sakafuni. Msivichukue vyote siku moja. Anzeni na kasi: watu watembee kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba sakafu imechorwa miraba, wakibadili kasi tu kwa dakika 10. Siku ya pili ongezeni umbali. Siku ya tatu, mwitikio wa mwili: unabadilika pale tu mwenzako anapobadilika, wala huanzishi wewe.

Kinachoharibika hapa ni kwamba watu huanza kuigiza huzuni, au mazoezi hugeuka ngoma nzuri isiyo na maana. Rudini kwenye kipengele kimoja. Mwigizaji aliyepewa kasi peke yake hana nafasi ya kujipamba.

Hatua ya nne: kuzalisha kwa kazi zilizoandikwa

Hiki ndicho kiini cha utungaji wa pamoja, na hapa ndipo wiki za 3 hadi 5 zinatumika zote. Tumieni kazi zilizoandikwa kwenye karatasi. "Tujaribu kitu" si kazi. Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari, akishirikiana na mkewe Anna, mcheza ngoma, aliweka wazi mwaka 1969 mzunguko wa ubunifu wenye sehemu nne: rasilimali mlizo nazo, maelekezo ya kazi, utendaji, na upimaji unaozaa maelekezo mapya. Hautembei kwa mstari. Unaweza kuingia popote. Cha kuchukua kwao ni hili: maelekezo ya kazi yaandikwe kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuyafanya bila kuwauliza ninyi.

Kazi nzuri inataja idadi ya watu, mahali, muda, kanuni moja, kizuizi kimoja, na ishara ya mwisho. Tuchukue lile swali la chumba. Karatasi inasema:

"Watu wawili. Chora kwa utepe wa karatasi sakafuni chumba unachokikumbuka, kwa vipimo vyake halisi, mlango na dirisha vikiwemo. Dakika 7. Mtu wa kwanza anatoa vitu vyote nje, kimoja kimoja, bila kuvishika: anavitaja tu na kutembea navyo hadi mlangoni. Mtu wa pili anarudisha kimoja kila mara mwenzake anapotoka. Hakuna kutazamana. Inaisha mmoja anapokanyaga utepe."

Tazameni kinachotokea. Dakika mbili za kwanza huwa za vichekesho: kitanda, kabati, ndoo. Dakika ya tatu vitu vikubwa vimekwisha na mtu anasita. Anataja msumari uliokuwa ukutani. Hanyanyui kitu, anautaja tu na kuupeleka mlangoni polepole kuliko alivyopeleka kabati. Nyuma yake mwenzake anaurudisha ule msumari. Sekunde hizo 40 ndizo mtakazobaki nazo kati ya dakika 7, nazo zinatosha. Sababu yake ni kizuizi: kwa kuwa haruhusiwi kushika, mwigizaji hana namna ila kupima uzito kwa kasi ya miguu. Kizuizi kikiondolewa, tunapata watu wawili wanaoigiza kuhama nyumba, na hilo kila mtazamaji ameshaliona.

Kila kipindi cha dakika 80 kitoe kazi tatu au nne. Wagaweni watu wawiliwawili au watatuwatatu, wapewe dakika 20 za kutengeneza na nne za kuonyesha. Jacques Lecoq, mwalimu wa uigizaji aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, aliwaachia wanafunzi wake muda wa kutunga wenyewe bila mwalimu chumbani, kisha wakaonyesha mbele ya shule. Faida yake ni tarehe ya mwisho iliyo karibu: kikundi chenye dakika 20 huinuka, chenye wiki mbili hukaa.

Changanyeni aina za kazi. Moja iwe ya mwili, moja ya maneno (kwa mfano orodha ya sentensi 30 zinazoanza na "Niliacha"), moja ya kitu, moja ya mtazamaji: mtu mmoja kati ya walioketi aombwe kushika kitu au kujibu swali. Na soma jambo moja la nadharia kabla ya kila wiki, kisha liandikwe kama kazi. Mkisoma kuhusu muda halisi jukwaani, andikeni kazi ambayo maji yanapaswa kuchemka mbele ya watu na hakuna anayefanya kingine. Ndipo mtajua dakika nne za kusubiri zinamfanya nini mtazamaji, na mtakuwa na la kusema kwenye insha.

Lengo hadi mwisho wa wiki ya 5 ni dakika 60 za vipande vilivyo hai, mara tatu ya mnachohitaji.

Kurekodi

Wekeni kamera au simu juu ya stendi, mbali kiasi cha kuona sakafu yote, isisogezwe. Faili lipewe jina lenye tarehe, namba ya kazi na namba ya jaribio. Siku hiyohiyo mtu mmoja aandike dakika na sekunde za vipande vya kubaki; video ya saa moja isiyo na alama hairudiwi kutazamwa na mtu.

Kuna mtego: watu huiangalia video na kujaribu kuiga nafsi zao za jana. Kipande hufa. Mkitaka kukirudisha, rudini kwenye karatasi ya kazi, mkifanye tena mara tatu kwa kanuni ileile, ndipo mwangalie video kuthibitisha mpangilio tu.

Hatua ya tano: onyesho la majaribio, wiki ya 6

Alikeni watu 6 hadi 10, wengine wasiwe wa idara yenu. Waonyesheni dakika 15 za vipande, bila taa wala maelezo marefu. Kisha tumieni utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa ngoma wa Marekani, aliouanzisha mwaka 1990. Una hatua nne. Kwanza watazamaji wanataja kilichokuwa na maana au kilichowakaa akilini. Pili, watunzi wanauliza maswali yao. Tatu, watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu. "Kwa nini mlikuwa polepole hivyo?" limebeba, "Mlichaguaje kasi?" halijabeba. Nne, mtu mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza, na watunzi wanaweza kukataa. Awepo mwendeshaji asiye wa kikundi. Dakika 40 zinatosha.

Wanafunzi wengi huruka hatua ya pili kwa sababu hawakuandaa maswali. Andaeni matatu, yawe mahususi: "Mliujua lini ule msumari ni msumari?" Swali la "mmependa?" huleta adabu tu.

Nguvu ya kufungua mazoezi si jambo geni. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walihudhuria mazoezi ya wazi na kuwasahihisha waandishi na waigizaji lugha na mienendo, na masahihisho yao yakaingia kwenye mchezo. Waliosahihisha walikuwa na ujuzi ambao waandishi hawakuwa nao. Kwa hiyo mnapoalika watu, alikeni na mtu anayeijua dunia mnayoizungumzia.

Hatua ya sita: kupanga

Andikeni kila kipande kwenye karatasi yake: jina fupi, muda, waliomo, vifaa. Zibandikeni ukutani. Msianze kwa kuuliza hadithi inakwendaje. Hans-Thies Lehmann, mtaalamu wa nadharia ya maonyesho wa Ujerumani, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu maonyesho yaliyoipita tamthilia, alionyesha kwamba kazi nyingi za leo haziyapi maneno cheo juu ya mwanga, mwili au sauti. Nanyi mnaweza kupanga kwa njia nyingine: kwa marudio (kutoa vitu chumbani mara tatu, kila mara kwa kasi tofauti), kwa idadi ya watu jukwaani, kwa kitu kinachokusanyika au kupungua, kwa ukimya baada ya kelele.

Fanyeni mipangilio mitatu tofauti kabisa, na yote mitatu ipitishwe sakafuni haraka, hata kwa kutembea tu. Mtu mmoja aketi nje kila mara, kwa zamu, na aandike anachoona badala ya anachofikiri. "Wote wameangalia kulia kwa dakika tatu" inasaidia kuliko "inachosha".

Kisha kukata. Mara nyingi kipande hubakizwa kwa sababu tu kuna mtu anakipenda, na hapo kanuni iwe kali: kila mmoja ataje kipande kimoja chake mwenyewe cha kuondoa. Viungo kati ya vipande vihesabiwe kama vipande. Onyesho la dakika 20 lenye vipande 9 lina viungo 8. Kila kimoja kikila sekunde 30 za watu kubeba viti gizani, dakika 4 zimekwenda. Mbebaji aonekane na ubebaji uwe sehemu ya tendo, au mpange upya ili kiti kiwe tayari mahali pake.

Mwisho wa wiki ya 9 pitisheni onyesho zima mkiwa na saa. Likifika dakika 26, msiseme "tutaharakisha". Ondoeni kipande.

Hatua ya saba: andiko na ufundi

Wiki ya 10 andiko linafungwa. Liwe na safu tatu: maneno na matendo, ishara za taa na sauti (yaani pale zinapowashwa, kuzimwa au kubadilishwa), na nafasi za watu na vifaa. Zipeni ishara za taa namba kwa kuruka kumi, yaani 10, 20, 30, ili mkiongeza moja katikati iitwe 15 bila kuvuruga zingine. Msimamizi wa jukwaa anaita: "Taa 20, tayari," na baada ya kuitikiwa, "Taa 20, nenda." Neno "nenda" lisitumike kwa jambo jingine lolote kwenye vifaa vya mawasiliano.

Kwa ishara 25, tengeni saa 4 za zoezi la ufundi. Nendeni kutoka ishara hadi ishara mkiruka katikati, na mwigizaji avumilie: siku hiyo ni ya mafundi. Baadaye pitisheni zima mara mbili.

Yaangalieni haya kabla mtazamaji hajaingia: milango ya dharura iko wazi na haijazibwa na viti vyenu, nyaya zimebandikwa sakafuni, giza totoro limejaribiwa na kila anayetembea ndani yake, alama zing'aazo zipo kingoni, na maji, moto au moshi wowote una kibali cha msimamizi wa ukumbi. Ule mchemsho wa maji jukwaani unahitaji kibali hicho pia. Muziki wa mtu mwingine unahitaji ruhusa, hasa video ikiwekwa mtandaoni.

Hatua ya nane: shajara na insha

Mhadhiri hupima mchakato pamoja na onyesho, na shajara ndiyo ushahidi mkuu wa mchakato. Andika ndani ya saa 24 baada ya kila zoezi, maneno 150 hadi 200, ukijibu: tulifanya nini, nini kilibadilika, kwa sababu gani.

Sentensi kama "Leo tulishirikiana vizuri na nilijifunza mengi" haina kitu cha kupimwa. Linganisha na hii: "Jaribio la pili tuliondoa kanuni ya kutotazamana. Msumari ukawa kichekesho, kwa kuwa mwenzangu alinisubiri nimcheke. Tuliirudisha, na muda wa kipande ukapanda kutoka sekunde 25 hadi 40." Hapo kuna uamuzi, matokeo na sababu, na insha inaweza kuunganisha na nadharia ya muda au ya mtazamaji bila kulazimisha.

Katika insha taja vipande kwa majina na nani alivitunga, hata vile vilivyokatwa. Kipande kilichokatwa na sababu yake mara nyingi ndiyo aya bora kuliko zote. Usieleze onyesho zima. Chagua maamuzi mawili au matatu na uyachimbe.

Hifadhini kwa pamoja, ndani ya siku tatu baada ya onyesho: video iliyokamilika, andiko la mwisho, karatasi zote za kazi, na picha ya ukuta wa mpangilio kabla haujabanduliwa. Ng'oeni utepe wa sakafuni jioni hiyohiyo. Ukikaa muda mrefu huacha gundi, na kikundi kitakachoingia kesho kitafanya mazoezi ndani ya chumba chenu badala ya chao.